Uzito Unaopungua Ghalani Bila Mwizi

Katika vyama vya msingi vinavyokusanya mahindi, ugomvi mwingi huanzia kwenye mizani. Wanachama huleta mazao, katibu huyapima na kuyaandika katika leja. Baada ya wiki kadhaa mazao yale yale hupimwa tena, na uzito huwa umepungua. Papo hapo macho yote humgeukia katibu. Yafaa basi ndugu wanachama waelewe jambo ambalo watu wengi hulijua wakiwa watu wazima, ijapokuwa wameanika nafaka tangu utotoni: punje inayoonekana kavu mkononi bado ina maji ndani yake, na kila lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Tuchukue mfano. Chama kimepokea kilo 10,000 za mahindi yenye unyevu wa asilimia 20. Kiwango cha Afrika Mashariki hakiruhusu unyevu uzidi asilimia 13.5, kwa hiyo mahindi hayo lazima yaanikwe. Wengi watasema: 20 toa 13.5 ni 6.5, basi zitapungua kilo 650. Hesabu hiyo si sahihi. Zitapungua kilo 751, yaani maji ya kujaza mapipa matatu ya lita 200 na kubaki. Tofauti ya hesabu hizo mbili ni kilo 101. Hivyo katibu mwaminifu huweza kushtakiwa kwa gunia zima ambalo hakuna aliyeliiba.

Sababu yake ni hii. Katika kilo zile 10,000, maji yalikuwa kilo 2,000 na mahindi yenyewe kilo 8,000. Jua huondoa maji tu. Zile kilo 8,000 hubaki kama zilivyo. Lakini sasa ni sehemu 86.5 katika kila sehemu 100 za uzito mpya, kwa kuwa uzito wote umepungua. Kanuni ni rahisi: toa unyevu wa mwanzo katika 100, zidisha kwa uzito uliopokelewa, kisha gawa kwa 100 iliyotolewa unyevu wa mwisho. Kwa mfano wetu, 80 mara 10,000, gawa kwa 86.5, ni kilo 9,249.

Kanuni hii humlinda katibu, na huwalinda wanachama vile vile. Mahindi ya kilo 10,000 yaliyopokelewa yakiwa na unyevu wa asilimia 15 na kukaushwa hadi 13.5 hupungua kilo 173 tu. Leja ikionyesha upungufu wa kilo 600 na maelezo yakawa kwamba "yamekauka", jua haliwezi kubebeshwa zile kilo 427 zilizozidi. Huenda zimeliwa na dumuzi, mdudu aliyeonekana mkoani Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, au zimemwagika, au zimechukuliwa. Kila sababu iandikwe peke yake, wala zote zisifunikwe kwa neno moja.

Ili hesabu hiyo iwezekane, unyevu sharti upimwe siku ya kupokea, mbele ya mwenye mazao, na uandikwe kwenye stakabadhi kando ya uzito. Upimwe tena siku mazao yanapotoka ghalani. Chama kisicho na kipima unyevu kinaweza angalau kujihadhari kwa chumvi. Tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu katika chupa safi iliyokauka, ongeza mahindi hadi theluthi ya chupa, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15 na mahindi hayafai kuingizwa ghalani. Njia hii haitoi tarakimu ya kuandikwa katika leja, bali huonya tu.

Tusisahau pia kwamba nafaka iliyokauka hunywa unyevu tena. Magunia yakipangwa juu ya sakafu tupu, au ghala likiachwa wazi wakati wa masika, uzito huongezeka, na ongezeko hilo si faida: ni maji, na nyuma yake huja kuvu. Magunia yapangwe juu ya vichaga, mbali na ukuta.

Makatibu wanashauriwa kuifanya hesabu hii ubaoni katika mkutano mkuu ujao, kwa tarakimu za chama chenyewe. Wanachama nao waidai wasipofanyiwa.