"Sensitive" kwenye lebo ya dawa maana yake nini?

Msimu uliopita kijana mmoja anayelima mpunga ekari nne hapa Ifakara alinipigia simu. "Bwana shamba, dawa imeandikwa sensitive crops. Simu yangu inatafsiri 'mazao nyeti'. Ndo mazao gani hayo?" Tulicheka, maana kwetu nyeti ni siri za serikali au sehemu za mwili. Tatizo alikuwa ameshapiga, na nyanya za jirani zimeanza kujikunja majani.

Kwenye lebo, sensitive ni kile kinachodhurika upesi, hata kwa dawa kidogo. Yake ilikuwa 2,4-D, ya kuua magugu ya majani mapana. Mpunga ni jamii ya nyasi, unaivumilia. Nyanya, maharage, pamba na tikiti haviivumilii kabisa. Matone yanayopeperushwa na upepo tu yanatosha kuviharibu. Kwa hiyo piga asubuhi upepo ukiwa umetulia, shusha nozeli, na acha nafasi upande wa jirani. Bomba la 2,4-D litenge. Usilipeleke bustanini hata kama umeliosha.

Sasa soma lebo mpaka chini, neno linarudi tena, safari hii linahusu umri. Mpunga wenyewe ni sensitive ukiwa mchanga, kabla ya kutoa machipukizi, na tena kuanzia unapotunga mimba hadi unapochanua. Nafasi yako ni hapo katikati. Wengi wanasubiri magugu yafunike shamba ndo wakimbilie dukani, mpunga tayari una mimba. Wanavuna mapepe, halafu wanalaumu mbegu.

Kwenye mbegu nako utakutana na photoperiod sensitive, yaani mbegu inayofuata urefu wa mchana. Hapa kwetu mchana wa Desemba unauzidi wa Juni kwa karibu saa moja tu, lakini mbegu nyingi za asili zinaihisi hiyo saa: zinangoja mchana ufupike ndipo zichanue. Ukizipanda kiangazi kwenye skimu, tarehe ya kuvuna inaweza kusogea mbali. Uliza kabla hujakopa.

Susceptible ni ndugu yake, ila mara nyingi ni la magonjwa. Supa ni susceptible kwa kimyanga, yaani inaupata kirahisi.

Yule kijana na jirani yake walikaa kwa balozi. Wamekubaliana atalipa magunia mawili ya mpunga akivuna.