Umetumwa Home na Barua ya Suspenshoni? Hizi Ndizo Haki Zako, na Hapa Ndipo Zinaishia

Cheki hii. Ni Jumanne usiku, prep imeisha, uko domi umejifunika blanketi unachati. Deputi anaingia na tochi. Kufika asubuhi simu iko kwa kabati ya ofisi, wewe uko nje ya geti na sanduku, na kwa mkono una barua: rudi na mzazi. Fea hauna, mathe yuko job, na swali ni moja tu kwa kichwa. Sasa nimefukuzwa ama?

Relax kidogo. Bado hujafukuzwa. Lakini usipojua tofauti ya suspenshoni na kufukuzwa, unaweza kujifukuza mwenyewe bila kujua.

Suspenshoni si kufukuzwa

Suspenshoni ni kutolewa skul kwa muda, kesi yako ikiangaliwa. Kufukuzwa ni ile unatoka hurudi, na hiyo si kitu prinsipo anaamua peke yake akiwa na hasira.

Kuna sheria inaitwa Sheria ya Elimu ya Msingi, ya 2013. Jina lisikuchanganye, hii "msingi" inashika hadi high school. Kifungu cha 35 kinasema mwanafunzi hafai kufukuzwa, isipokuwa njia zingine zote za kumrekebisha zimejaribiwa zikagonga mwamba, na yeye na mzazi wake wamepewa nafasi ya kusikizwa. Na hata mambo ikifika hapo, sheria inataka upelekwe mahali pa kurekebisha tabia huku ukiendelea na masomo. Haisemi ukakae base ukiuza mutura.

Kwa hivyo barua ukiipata, isome yote. Inasema umekosa nini? Unafaa kurudi lini? Mnaitwa mbele ya nani? Kama haisemi kosa, mwambie mzazi aulize, kwa heshima, apewe kwa maandishi. Katiba, Kifungu cha 47, inakupa haki ya kuandikiwa sababu kama uamuzi umekuumiza.

Chunga hii mtego

Hapa ndipo wasee huangukia. Mzazi anaingia ofisini akiwa na aibu, anaambiwa hivi: "Mama, ili tusimharibie kijana jina, chukua tu transfa." Mathe anashukuru, anasaini, mnatoka. Kwa karatasi hakuna mtu amekufukuza. Ni nyinyi mmeamua kuondoka wenyewe.

Transfa si mbaya kama mnaitaka kweli. Lakini isisainiwe siku hiyohiyo kwa presha. Mzazi anaweza kusema, "Mwalimu, tumesikia, wacha tukafikirie nyumbani. Kwa sasa tungependa bodi imsikize kwanza." Hapo hajatusi mtu, na mlango bado uko wazi.

Mbele ya bodi

Ile kamati ya BOM inaweza kukutisha. Meza ndefu, watu wazima wamekunja uso, na wewe uko hapo katikati na yunifomu. Usiende kupiga domo, na usiende pia kunyamaza kama maji ya mtungi.

Kama ulifanya, kubali ile ulifanya. Kama kuna kitu umewekelewa, sema pole pole ni gani na nani alikuwa hapo. Usiseme "hata wengine wanafanya", hiyo haijawahi kuokoa mtu. Kama kuna kitu inakusumbua, home kumeharibika, umeanza kuvuta vitu, kuna msee anakudhulumu domi, hapo ndipo pa kusema, ama mwambie mwalimu wa ushauri mapema kabla ya kikao. Bodi ikijua shida iko wapi, ina sababu ya kujaribu njia ingine.

Na kiboko?

Kiboko ilipigwa marufuku kwa shule za Kenya 2001. Katiba ya 2010 ikaweka msumari, Kifungu cha 29. Halafu ile sheria ya 2013, kifungu cha 36, ikasema mtu akimtesa mwanafunzi, kwa mwili ama kwa akili, anaweza kulipa faini hadi laki moja, ama jela hadi miezi sita, ama zote mbili.

Sote tunajua bado inatembea. Ikikufikia na uumie, mwambie mtu mzima unayemwamini siku hiyohiyo, uende hosi upate karatasi, mripoti kwa polisi mpewe namba ya OB. TSC pia hupokea malalamishi kuhusu walimu. Na namba 116, laini ya watoto, ni ya bure.

Sasa soma hicho kifungu tena. Hakisemi mwalimu peke yake. Prefekti anayechapa mono na mshipi, ama fom foo anayemwamsha saa tisa usiku amfulie soksi, na yeye anaweza kushikwa na hicho kifungu.

Pale haki zinaishia

Ukiingia skul ulisaini sheria zake. Simu, kuruka fensi, pombe, nywele, yote iko hapo, na kuadhibiwa kwa njia halali si kuonewa. Ndiyo, 2019 Mahakama Kuu iliamua kwamba shule moja ya Nairobi ilikosea kumtoa msichana Rasta kwa sababu ya dredi, kwa vile hiyo ni imani yake na Katiba inailinda. Lakini kupenda staili si imani. Usiende kortini na fedi.

Kitu moja haina mjadala: moto. Machi 2001, bweni la Kyanguli huko Machakos lilichomwa usiku na wanafunzi 67 wakafa. Wengine wanaanzisha hizi vitu wakidhani ni godoro tu zitaungua ndio waende home mapema. Sheria ya Adhabu inasema kuchoma jengo kwa makusudi kunaweza kukupeleka jela maisha. Na usijidanganye uko mdogo: tangu Sheria ya Watoto ya 2022, umri wa kuanza kushtakiwa ni miaka 12. Hata kama hukuwasha kiberiti, ukichanga pesa ya petroli uko ndani.

Kwa hivyo kama hiyo barua iko mkononi mwako sahii, fanya hivi. Usiizike kwa begi ukazurura tao hadi Ijumaa. Mpe mzazi leo, na umwambie ukweli wote kabla ausikie kwa deputi. Atafoka, hiyo imeandikwa. Lakini kwa hicho kikao unahitaji mtu mmoja wa upande wako anayejua stori yote, na huyo ndiye.