Mtoto Anaposema "Titi" Akitaka Kiti

Mtoto wa miaka mitatu akiomba "titi" kumbe anataka kiti, nyumba nzima huangua kicheko. Mgeni akija, anaitwa arudie. Kwenye vibaraza vya Majengo, Moshi, mchezo huu ni wa kawaida, nami huwaomba wazazi wauache kwanza, kabla ya zoezi lolote. Mtoto anayechekwa hujifunza upesi kunyamaza.

Kosa lenyewe si la ajabu. K hutamkwa nyuma, mgongo wa ulimi ukigusa kaakaa laini. T hutamkwa mbele, kwa ncha ya ulimi. Wadogo wengi huona mbele ni rahisi, kisha hujirekebisha wenyewe wakikaribia miaka 4. R huchelewa zaidi, kwa hiyo "langi" ya mtoto wa umri huo isikukoseshe usingizi.

Nyumbani, anzeni na sikio. Weka mbele yake taa na kipande cha kaa la jikoni, lililozimika bila shaka. "Nipe taa. Nipe kaa." Akishazoea kutofautisha, mbadilishane: yeye aagize, wewe umpe kile alichotamka, si alichokusudia. Akitaka kaa akapewa taa, atashtuka, na mshtuko huo humfundisha kuliko "hebu sema tena" kumi. Halafu mlaze chali, ulimi urudi nyuma, mjaribu "ka, ko, ku". "Ki" iacheni mwisho, kwa sababu irabu i huuvuta ulimi mbele. Ndiyo maana "kiti" ni neno gumu la kuanzia, na ndilo watu wazima hulikazania! Dakika tano zinatosha, wakati wa kuoga au mkichambua mchele. Muda mwingine usimsahihishe, mrudishie tu neno likiwa sawa: "Ee, kiti. Kiti chako hiki hapa."

Bibi wa Kibosho akisema "zambi" na "selasini", na mjukuu akamfuata, hiyo ni lafudhi. Haina tiba wala haihitaji. Wala Kichaga cha bibi hakimcheleweshi mtoto kusema Kiswahili. Aendelee kuongea naye.

Jambo moja nalisema kwa ukali: kukata kimeo hakurekebishi matamshi. Kunaleta damu, maambukizi na maumivu, basi.

Kinachofaa kuangaliwa ni masikio. Mtoto anayetokwa usaha sikioni mara kwa mara, au asiyegeuka akiitwa kutoka nyuma, huenda hasikii vizuri sauti tunazomdai. Huyo apelekwe akapimwe usikivu, vilevile aliyefikisha miaka 4 bila watu wa nje kumwelewa, au aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, muombe rufaa. Hospitali ya KCMC hapa Moshi ina kliniki ya masikio, pua na koo. Kabla ya kwenda, mrekodi kwa simu akiwa anacheza, maana mbele ya daktari wengi hawafungui mdomo.