Redio Haichaguliwi kwa Macho



Ni vitu vichache ambavyo mtu wa kipato cha kawaida hununua kwa kujinyima, halafu akavijutia mapema, kama vyombo vya sauti. Redio, spika, au kile kinachoitwa siku hizi sabufa, huweza kununuliwa Jumamosi kwa akiba ya miezi mitatu, kikaanza kukoroma Jumatatu, na kunyamaza kabisa kabla mshahara mwingine haujapokewa. Mafundi wa redio wanazijua habari hizi kuliko mtu yeyote. Juu ya meza zao hulala vyombo ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua, kwa kuwa gharama ya kuvitengeneza imekaribia bei ya kununua vingine.

Tutazame hali ilivyo Port Bell. Mahali hapa ufukoni mwa Ziwa Viktoria, palipopewa jina la Sir Hesketh Bell, aliyeitawala Uganda kwa niaba ya Uingereza mwanzoni mwa karne ya 20, ni makazi ya watu wa kazi. Pana bandari na reli, pana kiwanda cha bia kilichoanzishwa mwaka 1946, na wapo wavuvi na wachuuzi. Kwa watu hawa redio si pambo la sebuleni. Mvuvi hutaka kujua hali ya upepo kabla ya kusukuma mtumbwi. Mchukuzi hutaka habari. Mwenye kioski huweka redio ili wateja wakae. Kwa hiyo chombo kibovu kinapouzwa hapa, hasara yake haiishii kwenye muziki uliokatika. Ni fedha ya ada ya mtoto, au ya nyavu mpya, iliyotupwa majini.

Basi ni kwa nini watu hawa hawa, ambao samaki aliyelala hawawezi kuuziwa kwa sababu watafunua matamvua na kumbonyeza, huuziwa redio mbovu kwa urahisi? Jibu ni kwamba samaki humkagua kwa njia wanazozijua, lakini redio huichagua kwa macho, na wenye kuitengeneza wanalifahamu jambo hilo vizuri.

Hila ya kwanza imo katika maandishi ya kisanduku. Huandikwa wati 1000, wati 3000, hata zaidi, na pembeni yake herufi nne: PMPO. Inadaiwa kwamba herufi hizo huonyesha nguvu ya juu kabisa inayoweza kutolewa na chombo kwa kitambo kifupi mno, sehemu ndogo tu ya sekunde. Lakini hakuna kipimo cha PMPO kilichokubaliwa na mataifa. Kila mtengenezaji hupiga hesabu apendavyo, na mwingine huongeza sifuri apendavyo.

Hesabu ya kweli si ngumu. Umeme wa majumbani nchini Uganda ni wa volti 240. Chombo kinachotumia wati 3000 kwa umeme huo kingevuta mkondo wa ampea 12 na nusu, yaani zaidi ya ule wa pasi ya kawaida, na ule waya mwembamba unaotoka nyuma ya sabufa ungepata moto. Sasa kigeuzeni chombo hicho, msome bamba dogo lililoko mgongoni. Mara nyingi mtakuta wati 20 au 30. Chombo kinachopokea wati 30 hakiwezi kutoa wati 3000, kama debe moja la maji lisivyoweza kujaza mapipa kumi. Hata hizo 30 hazitoki zote. Sehemu hupotea kwa joto ndani ya mitambo, na ndani ya spika yenyewe karibu sehemu moja tu kati ya mia ndiyo hugeuka kuwa sauti. Tena sikio la binadamu lina tabia yake: wati zikiongezwa maradufu, sikio husikia tofauti ndogo tu, ili sauti isikike mara mbili ya kwanza, wati hazina budi kuongezwa kama mara kumi. Ndiyo maana spika yenye sumaku nzuri na sanduku imara la mbao, iliyoandikwa wati 15 za kweli, huweza kuishinda ile iliyoandikwa maelfu.

Wala msidhani kwamba hila hii imebuniwa kwa ajili ya Waafrika peke yao. Nchini Marekani watengenezaji wa vyombo vya sauti walishindana kwa tarakimu za namna hiyo mpaka mwaka 1974, Tume ya Biashara ya Shirikisho ilipotoa kanuni ya jinsi ya kutangaza nguvu ya vikuza sauti vya nyumbani. Kanuni hiyo iliangaliwa upya mwaka 2024, nusu karne baadaye, kwa sababu baadhi ya watengenezaji walikuwa wamepata njia nyingine za kuukwepa ukweli. Kama soko lenye vyombo vingi vya ukaguzi lilihitaji sheria, soko letu linaihitaji zaidi.

Hila ya pili, au tuseme ajali ya pili, hutokana na vyombo vizuri vilivyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Mfano ulio wazi ni redio za magari yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani. Kwa miaka mingi mawimbi ya FM ya Japani yalianzia megahezi 76 na kuishia 90, lakini ya kwetu huanzia 87.5 na kufika 108. Matokeo yake ni kwamba mwenye gari jijini Kampala anaipata Sanyu kwenye 88.2 na CBS kwenye 88.8, lakini haipati Capital kwenye 91.3 wala Simba kwenye 97.3. Redio si mbovu hata kidogo; ni mgeni asiyejua lugha ya mji. Fundi huweza kufunga kifaa kidogo cha kushusha mawimbi, lakini hiyo ni gharama ambayo muuzaji hakuitaja. Vivyo hivyo umeme wa majumbani Japani ni wa volti 100, na wa Marekani ni wa volti 120. Kikuza sauti cha nchi hizo, kisichokuwa na swichi ya kubadili volti wala transfoma ya kupunguza umeme, kikichomekwa ukutani Port Bell huungua mara moja. Aliyeletewa zawadi hiyo na ndugu aliye ng'ambo hubaki na kisanduku na harufu ya moshi.

Hila ya tatu ni ile ambayo wahenga waliieleza zamani: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tangu kampuni ya Philips ilipotoa kaseti mwaka 1963, na redio kaseti zikaenea katika miaka ya 1970 na 1980, yalionekana madukani makasha makubwa yenye matundu manne ya spika, ambayo mawili kati yake hayakuwa na kitu nyuma ya wavu. Siku hizi kaseti zimekwisha, lakini desturi ya mkakasi imebaki. Taa za rangi hucheza na kula betri. Jina lililoandikwa mbele hufanana na la kampuni mashuhuri, isipokuwa herufi moja. Kwenye spika ndogo za kuchaji huwekwa betri ya duara iitwayo 18650 iliyoandikwa milliampea-saa 9900, ilhali betri nzuri kabisa za ukubwa huo hazizidi 3500 au zaidi kidogo.

Kuna wakati ambapo chombo cha sauti kilitengenezwa kwa kumfikiria mnunuzi kwanza. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio iliyopewa jina la sufuria. Harry Franklin, mkuu wa idara ya habari mjini Lusaka, alikuwa amekwenda Uingereza kutafuta kampuni itakayokubali kutengeneza redio ya mtu wa kijijini, na kampuni ya Ever Ready ikakubali. Ya kwanza kabisa iliundwa ndani ya sufuria halisi. Iliuzwa paundi 5, na betri yake kubwa iliyodumu saa kama 300 iliuzwa peke yake. Haikuwa na taa wala mapambo. Utawala ule ulikuwa na makusudi yake ya kisiasa, na hatuusifu kwa hayo. Lakini redio yenyewe ilifanya kazi iliyoahidiwa, mahali pasipokuwa na umeme, mikononi mwa watu wasiokuwa na fundi karibu.

Je, mnunuzi wa leo afanye nini? Kwanza, asome bamba la mgongoni kabla ya kusoma kisanduku. Atazame volti, wati zinazotumika, na mawimbi yanayoshikwa. Pili, chombo kiwashwe dukani kwa muda wa dakika kumi, kwa sauti atakayoitumia nyumbani. Tatu, asikilize mtu anayesoma habari, wala si ngoma. Ngoma huficha kasoro, kwa kuwa mngurumo wowote huweza kudhaniwa kuwa besi. Lakini sauti ya binadamu tunaijua tangu utotoni, na ikitoka puani au ikikwaruza tutaitambua. Nne, asitegemee uzito peke yake, maana wapo waliokuta kipande cha chuma au saruji kimegandishwa ndani ya sanduku. Tano, adai risiti yenye jina la duka na aina ya chombo.

Risiti hiyo ina maana kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Sheria ya Uganda ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017 huweka sharti kwamba bidhaa inayouzwa na mfanyabiashara iwe na ubora unaostahili, na kwamba ifae kwa kazi ambayo mnunuzi amemweleza muuzaji. Kwa hiyo yafaa mnunuzi aseme waziwazi, mbele ya shahidi ikiwezekana: nataka redio ya umeme wa volti 240, itakayoshika stesheni zote za Kampala. Akisha kusema hivyo, madai yake huwa na nguvu kama chombo hakifai. Lakini kasoro ambayo angeiona kwa kukagua, naye amekagua bila kuisema, ni vigumu kuidai baadaye. Hiyo ni sababu nyingine ya zile dakika kumi za dukani.

Hata hivyo haitakuwa haki kumtwika mnunuzi mzigo wote. Shirika la Viwango la Uganda ndilo pia lenye dhamana ya mizani na vipimo. Muuza nyama anayepunguza gramu 50 katika kilo moja huhesabiwa kuwa mwizi, na ni sawa. Basi anayeandika wati 3000 juu ya chombo cha wati 30 ameiba mara ngapi? Ingefaa kila chombo cha sauti kinachoingia nchini, kiwe kimepitia Mombasa au kimevuka ziwa kutoka Mwanza, kiandikwe nguvu yake ya kudumu kwa kipimo kimoja kinachojulikana, na herufi zisizo na maana zipigwe marufuku kwenye visanduku. Wafanyabiashara waaminifu, ambao hawakosekani, watanufaika kwanza, maana leo chombo chao cha wati 15 za kweli hukaa rafuni kwa sababu jirani yao anauza maelfu ya uongo kwa bei ya chini.

Mpaka hapo itakapokuwa hivyo, mwananchi wa Port Bell na kwingineko hana budi kuikagua redio kama anavyomkagua samaki: aigeuze, aifungue macho na masikio, na asione haya kuirudisha mezani na kwenda duka la pili.