Harnoncourt: Mpiga selo aliyeutikisa muziki wa Baroko

Mwaka 1952, Nikolaus Harnoncourt, kijana aliyezaliwa Berlin na kukulia Graz nchini Austria, aliajiriwa kupiga selo katika Okestra ya Simfoni ya Vienna. Aliyempokea ni Herbert von Karajan, mwongozaji mwenye jina kubwa. Ajira ilikuwa ya uhakika, lakini moyo wake haukutulia. Muziki wa Baroko, uliotungwa kati ya mwaka 1600 na 1750 hivi, aliusikia ukipigwa umenyooka kama shati lililopigwa pasi: nadhifu, lakini hauna uhai.

Mwaka 1953, yeye na mkewe Alice, mpiga fidla, walianzisha kundi lao, Concentus Musicus Wien. Hawakukimbilia jukwaani. Kwa takriban miaka minne walikusanya ala kuukuu, wakasoma vitabu vya walimu wa muziki wa enzi ya Baroko na kufanya mazoezi, ndipo wakajitokeza hadharani mwaka 1957.

Tofauti ilianzia kwenye nyuzi. Fidla za sasa kwa kawaida hutumia nyuzi za chuma au za sintetiki. Wao walifunga nyuzi za utumbo wa kondoo. Nyuzi hizo huathiriwa na joto na unyevu, hivyo mpigaji hulazimika kuzikaza upya mara kwa mara. Malipo ya usumbufu huo ni sauti yenye mkwaruzo kidogo, inayotamka kila nota mithili ya mtu anayezungumza. Upinde nao ulikuwa wa kale, na sauti ilififia yenyewe kila ulipofika ncha.

Kwa miaka 17 Harnoncourt alikula mshahara wa okestra huku akijenga kundi lake pembeni. Aliacha kazi mwaka 1969. Kuanzia 1971, akishirikiana na Mholanzi Gustav Leonhardt, alirekodi kantata za kanisani (tungo za kuimbwa pamoja na ala) za mtunzi Bach, karibu 200, na sehemu za sauti ya juu wakaziimba wavulana kama ilivyokuwa zama za Bach. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20. Mwaka 1980 wawili hao walipewa Tuzo ya Erasmus.

Okestra kubwa zilizokuwa zikimtilia shaka zikaanza kumwalika. Aliongoza kwa mikono mitupu, bila kijiti, na mwaka 2001 na 2003 alisimama mbele ya okestra ya Vienna Philharmonic katika tamasha la Mwaka Mpya. Desemba 2015 aliwaaga mashabiki kwa barua ya mkono, akisema nguvu zimemwishia. Alifariki Machi 5, 2016, akiwa na miaka 86.

Kwaya zetu nyingi huimba "Haleluya" ya Handel, naye ni mtunzi wa enzi hiyohiyo ya Baroko. Mwalimu wa kwaya, kabla hujainua mkono, chunguza kwanza mtunzi aliandika nini na waimbaji wake walikuwa akina nani. Harnoncourt alianzia hapo.