Wapi Usomee Ubingwa wa Magonjwa ya Akili Ukitaka Kuwa Mhadhiri na Mtafiti

Madaktari vijana hutuuliza mara kwa mara wakasomee wapi ubingwa wa magonjwa ya akili iwapo nia yao ni kufundisha na kutafiti. Swali hili linamhusu mgonjwa pia. Nchi zetu za Afrika Mashariki hazijafikia hata daktari bingwa mmoja wa fani hii kwa kila watu 100,000. Wagonjwa walio wengi huhudumiwa na wauguzi, matabibu na madaktari wasio mabingwa, ambao hufundishwa na mabingwa wachache walioko vyuoni. Mhadhiri akiandaliwa vibaya, upungufu wake huwafikia wagonjwa ambao yeye mwenyewe hatawaona kamwe.

Jambo la kwanza la kutazama ni aina ya wagonjwa. Hospitali maalumu, kama Mathari ya Nairobi au Butabika ya Kampala, humkutanisha mwanafunzi na maradhi makali, kama vile skizofrenia. Hospitali kuu, kama Muhimbili ya Dar es Salaam, humwonyesha pia mgonjwa wa kisukari aliyepatwa na sonona, mama aliyechanganyikiwa baada ya kujifungua, na mzee anayeweweseka kwa sababu ya maambukizi mwilini. Atakayefundisha wengine anahitaji kuyajua yote. Basi uliza ni miezi mingapi mwanafunzi hukaa katika kila mahali.

Jambo la pili ni msimamizi. Jina la chuo halisimamii tasnifu. Mtu ndiye husimamia. Omba orodha ya tasnifu za miaka 5 iliyopita, kisha utafute ngapi kati yake zilichapishwa katika majarida ya kitaaluma na kama jina la mwanafunzi lilitangulia. Tasnifu inayoishia kwenye rafu ya maktaba humpatia mtu shahada, lakini haimfunzi kuwa mtafiti.

Jambo la tatu ni muda. Programu nyingi za ukanda wetu huchukua miaka 3. Ndani yake mwanafunzi huandika pendekezo la utafiti, husubiri kibali cha kamati ya maadili, hukusanya takwimu na kuzichambua, huku zamu za wodini zikiendelea. Pasipo siku zilizotengwa kwa ajili ya utafiti, kazi hiyo hufanywa kwa haraka na uchovu. Suala hili waulize wanafunzi waliomo, si mkuu wa idara peke yake.

Wengine huvutwa na masomo ya ng'ambo. Marekani ubingwa huu huchukua miaka 4. Uingereza ni miaka 3 ya msingi na kwa kawaida 3 mingine ya ngazi ya juu. Kabla ya kuanza, daktari kutoka nje hupitia taratibu za kupata leseni. Vyuo vya huko vina maabara na fedha nyingi za utafiti. Hata hivyo, ujuzi fulani hupatikana karibu na wagonjwa wetu tu. Mwaka 2002 Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walichapisha utafiti uliopima iwapo dodoso la dalili la Hopkins, kwa Kiswahili, huwatambua ipasavyo wajawazito wenye VVU walio na sonona. Kazi ya namna hiyo humhitaji mtu anayejua kwamba mgonjwa wetu mara nyingi hasemi ana huzuni. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinawaka moto au mawazo yamemzidi. Kwa sababu hiyo, ushauri wangu kwa walio wengi ni kusomea ubingwa hapa kwanza, kisha kwenda nje kwa shahada ya uzamivu wakiwa na swali lao la utafiti mkononi.

Nawe mgonjwa, ukiombwa na daktari aliye masomoni ushiriki katika utafiti wake, una haki ya kuelezwa lengo lake kwa lugha unayoielewa, kuuliza nani anamsimamia, na kukataa bila kupoteza matibabu yako. Daktari anayejibu maswali hayo kwa subira anaonyesha kwamba amefundishwa vyema.