Namba za wati kwenye spika ndogo: mnunuzi aziamini kwa kiasi gani?

SPIKA ndogo za kubebeka, zile zinazokaa kiganjani na kupokea muziki kutoka kwenye simu bila waya, zimechukua nafasi iliyokuwa ya redio kaseti ufukweni, vijiweni, saluni na hata jikoni. Mnunuzi anayesimama mbele ya kaunta huonyeshwa kwanza idadi ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Bahati mbaya, hiyo ndiyo namba yenye maelezo machache kuliko zote.

Mawasiliano ya Bluetooth yalianza kubuniwa mwaka 1994 na kampuni ya Ericsson katika mji wa Lund, Sweden, na betri za lithiamu zilikwisha kuingizwa sokoni na Sony mwaka 1991. Hata hivyo, spika za aina hii zilipata umaarufu baada ya mwaka 2010, kampuni ya Jawbone ya Marekani ilipotoa Jambox. Jawbone yenyewe ilifilisiwa mwaka 2017, lakini wengine walikwisha kuifuata njia hiyo.

Ili kuelewa kwa nini wati si hoja kubwa, ni lazima kwanza kufahamu kuwa sauti ni hewa inayosukumwa. Ndani ya spika kuna koni iliyoshikamana na msokoto wa waya ulio katikati ya sumaku. Umeme unapopita, koni huenda mbele na nyuma. Uzi mnene wa gitaa la besi hutetema takriban mara 41 kwa sekunde. Kila idadi ya mitetemo inaposhuka kwa nusu, koni hulazimika kusafiri mara nne zaidi ili ukubwa wa sauti ubaki uleule. Koni yenye upana wa sentimita nne haina nafasi ya kusafiri kiasi hicho, na hakuna chapa iliyowahi kuikwepa kanuni hiyo, iwe ya bei ghali au ya bei nafuu.

Kilichobaki kwa wahandisi ni hila. Ya kwanza huonekana kwa macho: kile kiwambo cha mpira kinachochezacheza ubavuni mwa spika. Hakina sumaku wala hakipokei umeme. Hutikiswa na hewa iliyofungiwa ndani, na hivyo kuongeza eneo linalosukuma hewa ya nje. Wazo hilo ni la zamani, kwani Mmarekani Harry Olson alipewa hataza yake mwaka 1935.

Hila ya pili huuchezea ubongo. Simu ya mezani haikupitisha mitetemo iliyo chini ya 300 kwa sekunde, ilhali sauti ya mwanamume huanzia karibu na 120. Pamoja na hayo, hakuna aliyemdhania baba yake kuwa mtoto. Ubongo husikia mitetemo ya juu inayoambatana na sauti nzito, kisha hujaza wenyewe ile ya chini iliyokosekana. Baadhi ya spika ndogo huongeza mitetemo hiyo kwa makusudi, na msikilizaji huamini kuwa amesikia besi ambayo haikuwapo.

Tukirudi kwenye wati, kuzidisha nguvu mara mbili huongeza sauti kwa desibeli tatu tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, nguvu hutakiwa kuongezwa takriban mara kumi.

Yapo pia maboksi yaliyoandikwa mamia ya wati na herufi PMPO. Kipimo hicho hakina utaratibu uliokubaliwa, na hesabu nyepesi hukiumbua. Betri ya mAh 1,200 yenye volti 3.7 huhifadhi nishati ya kuwasha wati nne na kidogo kwa saa moja. Kama spika hiyo ingetoa kweli wati 100 mfululizo, betri ingekwisha kabla ya dakika tatu. Muuzaji anayedai kuwa inapiga saa sita kwa nguvu hiyo ajibu umeme huo unatoka wapi.

Suala hili halimalizikii kwenye fedha. Nje, mahali pasipo na kuta za kuirudisha sauti, kila umbali unapoongezeka mara mbili hupungua desibeli sita. Watu hufungua sauti hadi mwisho ili wa mbali wasikie, na anayeumia ni aliyeketi jirani na spika. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), sauti ya desibeli 80 inaweza kusikilizwa kwa saa 40 kwa wiki bila hatari. Ikifika 90, muda huo hushuka hadi saa nne tu.

Kwa anayenunua, jaribio la dukani lina faida kuliko boksi. Apige wimbo anaoufahamu vizuri, asogee hatua tatu, kisha aongeze sauti hadi mwisho. Spika iliyotengenezwa vema hupunguza besi yenyewe ili koni isiumie. Iliyo hafifu hukwaruza.

Aidha, alama ya IP67 humaanisha kuwa vumbi haliingii na kwamba kifaa kilihimili kuzamishwa kwenye maji yenye kina cha mita moja kwa dakika 30. Jaribio hilo hufanywa kwa maji baridi. Spika iliyoangukia baharini isuuzwe kwa maji ya bomba na kukaushwa kabla ya kuchomekwa kwenye chaja, kwa sababu chumvi hula vyuma vya tundu la kuchajia.